Wakwe wa Mombasa Watalala Wapi

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Nguruwe wamekula. Maji ya mfereji yamepotea tena, nimechota kwa jirani. Baridi ya Waithaka mwezi huu haina huruma. Fundi amemaliza kupaka rangi vyumba vipya vya kukodisha. Wapangaji wataingia mwezi ujao.

Wambui alipiga simu kutoka benki anakofanya kazi. Harusi yake na Salim ni Jumamosi hii. Mama yake Salim na jamaa zao wanafika Alhamisi kutoka Mombasa. Ameshapanga kila kitu: watalala gesti moja mjini, karibu na msikiti, na kula katika hoteli iliyo chini yake. Nikamuuliza watakuja kwangu lini kunywa chai. Akasema ratiba imebana.

Ratiba! Na mimi ndiye mama wa bibi harusi.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeshinda na hasira. Sababu naijua. Ni nguruwe. Wakwe ni Waislamu, na binti yangu hataki wajue kilichomlipia karo tangu baba yake afariki. Hajasema. Hana haja ya kusema.

Suala la dini tulilimaliza zamani. Salim hakumwambia abadili, mimi sikumwambia amwache. Nilidhani hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Nimepika githeri, mahindi na maharagwe. Haikushuka.

Jumatano, 9 Agosti

Gesti imevunja ahadi. Vyumba wamepewa watu wa mkutano fulani. Wambui aliomba ruhusa kazini, akazunguka mjini mchana kutwa. Pazuri pamejaa. Penye nafasi ni juu ya baa, muziki mpaka kuche. Mama mkwe halazwi mahali kama hapo. Ami yake Salim anaishi juu ya duka lake la vitambaa, lakini watoto wamejaa mpaka sebuleni.

Jioni akaja kwangu. Akaketi jikoni bila kuvua koti, akaanza kulia.

Nikamwambia, "Vyumba vipya viko. Hakuna mtu amewahi kulala ndani."

"Mama, na hao nguruwe?"

"Mjomba wako Kamau atawachukua."

"Na harufu? Na hizi sufuria? Hao watu hawawezi kula hapa."

Likanitoka. "Sema tu. Unaona haya kwamba mimi ndiye mamako."

Akainuka. Aliosha kikombe chake, akarudi kwake mtaa wa Mountain View.

Nimeumia sana. Kama angenitukana ningepata la kumjibu. Hata hivyo nimempigia Kamau.

Alhamisi, 10 Agosti

Kamau alifika na pikapu mapema. Nguruwe haingii kwenye gari kwa kubembelezwa. Yule jike mkubwa alituponyoka, akakimbilia sukuma wiki ya jirani. Mimi namfuata na fimbo, Kamau anafuata na kamba, jirani yuko dirishani anapiga kelele. Mara nikamwona mtu amemkinga kwa mbele na karai. Wambui! Amevaa gamubuti zangu kuukuu na sketi ya kazini.

Tulipomfunga mnyama alinitazama, matope mpaka kwenye nyusi. "Nisamehe, Mama. Niliogopa watanikataa."

Nikamwambia afute uso kwanza. Kisha tukacheka mpaka Kamau akatuuliza kama tunaumwa.

Tumesugua banda kwa sabuni na chokaa. Sufuria zangu zote nimezifungia stoo, tumenunua mpya. Akina mama wa kanisa wameleta blanketi, kila mmoja na yake, wengine wakiwa na maswali. Sikujibu maswali. Blanketi nimepokea.

Basi linaingia jioni. Nimefagia langoni mara mbili. Harufu bado ipo kidogo. Mimi naisikia.

Ijumaa, 11 Agosti

Jana jioni walishuka wakitetemeka, wamevaa kanga na viatu vya wazi. Nilikuwa nimejiandaa kusema karibuni. Lakini nilipomwona Bi Zuhura, mama yake Salim, amenishika mkono kwa mikono yake miwili, nikaona siwezi kumlisha kwanza halafu asikie kwa watu.

Nikasema palepale langoni. "Bi Zuhura, mimi ni mfugaji wa nguruwe. Nimewahamisha. Nimesafisha, na vyombo ni vipya. Mkiona hamwezi kukaa sitakasirika. Tutatafuta pengine pamoja."

Wambui alifumba macho. Salim akatazama viatu vyake. Jamaa wakaangaliana.

Bi Zuhura alinyoosha shingo kulitazama banda tupu, nikaanza kujuta. Kisha akauliza, "Nyama ya harusi yachinjwa na nani?"

"Inatoka machinjio ya Dagoretti. Wachinjaji pale ni Waislamu, tangu nikiwa msichana."

"Wahuzunikia nini, basi? Umefanya vyema kunambia, mwenzangu. Hebu nionyeshe jiko. Na blanketi kwanza, tafadhali, baridi hii yaniua."

Shangazi yake Salim hakukubali. Kwa upole, lakini hakukubali. Amekwenda kubanana na watoto wa ami mjini. Namwelewa. Imeniuma kidogo, siwezi kudanganya hapa.

Jumamosi, 12 Agosti

Wameoana. Mjini asubuhi, kisha watu wote wakaja kula Waithaka.

Bi Zuhura alipika pilau uani, amejifunga blanketi ya katibu wa akina mama wa kanisa. Mwenye blanketi alikuwa kando yake akiponda mukimo wa viazi na mahindi. Walibishana kuhusu chumvi kama watu waliojuana miaka.

Shangazi alikuja. Alikula chungwa na kunywa chai kwa kikombe cha plastiki alichokuja nacho. Nikamwongezea chai, akapokea. Inatosha.

Kabla ya watu kutawanyika Wambui alisimama. Sauti ilikuwa ndogo. Alisema hapa ndipo alipolelewa, na mama yake alimsomesha kwa kazi ya mikono yake, kwenye banda lile pale. Akalionyesha kwa kidole. Wageni wote wakageuka kuangalia.

Nilishindwa kula. Safari hii kwa furaha.

Jumatatu, 14 Agosti

Wageni waliondoka jana. Bi Zuhura amebaki. Amesema goti haliwezi basi kwa sasa, atakwenda Jumatano. Sijui kama ni goti. Sijamuuliza.

Leo tumemenya njegere mlangoni, jua likiwa limetoka kidogo. Amenisimulia kuhusu marehemu mumewe, fundi cherehani, mtu wa utani mwingi. Nikamsimulia kuhusu wangu, ambaye hakuwa na utani hata kidogo. Akauliza kama nyumba hii yote nalala peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasema naye vilevile.

Sasa amesinzia kwenye kiti, ushungi umemteleza begani. Nimepunguza redio.