Pistoni Imegoma, na Macho ya Mama Hayangoji

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijakosana kabisa na kaka yangu, maana hapa ninapoandika nimekaa nikainuka, nimekaa nikainuka, kila nikijaribu kutulia mawazo yananirudisha gerejini. Mama yetu ujanani alikuwa dereva jeshini, akiendesha lori la kubeba askari na magunia, na siku tulipolikuta lori lenyewe kwenye uwanja wa vyuma chakavu, namba za jeshi bado zinasomeka ubavuni, kaka na mimi tulilia kama watoto, tukalinunua, tukalivuta hadi gereji yetu, kwa kuwa sote wawili ni mafundi, na macho ya mama yanafifia, daktari kasema hayatarudi, naye ombi lake ni moja tu, ashike usukani wa lori lake tena angali anaiona njia.

Magurudumu yaliyoganda tumeyafungua, breki tumezifufua, lakini injini imekufa ganzi, pistoni moja imeshikwa na kutu ndani ya silinda, haipandi haishuki. Mimi nikamimina dizeli na oili ili ilowe, kaka hana subira, juzi akachomeka bomba kwenye spana apate nguvu ya kuizungusha injini, akaning'inia kwa uzito wake wote, bolti ikakatika. Nikamwambia, "Kaka, taratibu, vipuri vya gari hili havipatikani tena." Akanijibu, "Wewe endelea kulibembeleza kama kichanga, mama akishapofuka ndipo umkabidhi funguo!" Neno hilo limenichoma, mshauri.

Kibaya zaidi, mama alipopiga simu kuuliza, kaka alimwambia injini imewaka, akawasha lori la mteja, akasogeza simu kwenye mngurumo, nami nimesimama pale natazama tu. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Asanteni, wanangu," akakata. Sasa anakuja Jumamosi, na kaka kaapa kwamba kesho analeta mtungi wa gesi aiunguze hiyo silinda mpaka pistoni iachie. Nimzuie tugombane, au nimwache? Na mama nimwambie nini?

Fundi Nisiyetulia

JIBU

Fundi, kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kamzuie kaka yako. Silinda imejaa dizeli, halafu mtu analeta moto wa gesi! Mnataka mama aje kutazama lori au aje kuwazika? Ugomvi utapoa, fundi wee. Kuungua hakupoi.

Mimi najua mambo ya watu, si ya injini, kwa hiyo nimempigia shemeji yangu anayefungua injini za meli. Anasema nyonyeni dizeli yote, panguseni, kisha jazeni maji ya moto sana kwenye njia za kupozea injini, chuma kitanuke polepole. Mwageni oili nyepesi. Chongeni gogo la mti mgumu litoshe juu ya pistoni, mmoja agonge gogo, asiguse chuma chenyewe kwa nyundo, mwenzake azungushe injini mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata unene wa ukucha, msiivamie. Rudisheni, ongezeni oili, mwanze tena. Na hiyo ni kazi ya watu wawili, umesikia? Huiwezi peke yako ukiwa umenuna.

Kaka yako si mkorofi. Anaogopa kile kile unachokiogopa wewe, ila yeye hofu yake inatokea mikononi. Mwambie hivyo, kwa upole, ukiwa umeweka spana chini.

Sasa mama. Pole, lakini hapo mmenikera. Mtu aliyelala, akaamka na kuvuka mito ndani ya lori lile, mnamsikilizisha lori la mteja? Alijua. Alinyamaza ili asiwaaibishe, na wewe ukanyamaza ili usisumbuke. Nendeni kwake leo, nyote wawili, mseme, "Mama, injini bado imekwama, na tulikudanganya." Atawakaripia. Kaeni mkaripiwe.

Jumamosi aje hivyo hivyo. Breki zinafanya kazi, magurudumu yanazunguka. Tafuteni uwanja mpana usio na watu, fungeni lori kwa chuma cha kuvutia, si kamba, kaka avute polepole kwa gari lingine, wewe kaa ubavuni kwa mama, mkono wako karibu na breki ya mkono. Injini mtaihangaikia wiki ijayo. Mama akae kwenye kiti cha dereva, ashike usukani, na msimwambie akunje wapi.