Mkataba wa Jiko Tamu

Kariakoo, 4 Machi 2024

Mama,
Shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu. Mimi mzima.
Nimeachana na Jiko Tamu, ile kampuni niliyokuwa naendesha tawi lake kwa jina lao. Sasa nimefungua mgahawa wangu mwenyewe, hapa hapa Kariakoo. Watu wanakuja.
Mwanao, Scholastika

Masasi, 20 Machi 2024

Mwanangu Schola,
Marahaba. Mguu unasumbua ila natembea. Habari yako nimeitangaza jumuiyani, hadi wasionipenda wamenipa hongera. Mgahawa unaitwaje? Wananiuliza.
Mama yako

Masasi, 9 Juni 2024

Schola,
Hujambo? Hukunijibu, nami nimetoka huko juzi. Nilifuatana na wanakwaya waliokuja kuimba Mnazi Mmoja, nikataka kukushtukiza. Mgahawa wako siujui, nikaenda kuulizia kwenye tawi lako la zamani. Mhudumu mmoja akanionea huruma, akanielekeza soko la Mchikichini.
Nilikuona. Umeshika kiatu cha mtumba, unaita wateja, sauti imekukauka. Nikajibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa, kisha nikaondoka. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini watu wa jumuiya. Nimemwacha mwanangu juani kwa kuogopa maneno ya watu, na tangu siku hiyo chakula hakipiti.
Niambie kilichotokea.
Mama yako

Kariakoo, 17 Juni 2024

Mama,
Shikamoo. Barua yako nimeisomea sokoni, nikashindwa kuuza.
Mkataba wa Jiko Tamu unasema nikiachana nao, nisiuze chakula popote Dar kwa miaka miwili. Mwanasheria wao, Pratik, alinisomea siku ya kutia saini, akauliza, "Dada, umeelewa?" Nikajibu ndiyo. Sikuelewa, Mama. Niliona haya kuuliza mbele yao. Nilipokuandikia, mgahawa ulikuwa wazi kweli. Muda si mrefu wakatishia kunipeleka mahakamani, nikaufunga. Wewe ulishatangaza, mimi nikakosa uso wa kukuandikia.
Njoo tena, ulale kwangu. Nimekatazwa kuuza chakula. Kukupikia wewe hakuna wa kunizuia.
Mwanao, Scholastika

Masasi, 1 Julai 2024

Mwanangu,
Marahaba, mimi sijambo. Jumapili nilisimama jumuiyani nikasema mwanangu anauza viatu Mchikichini, na kwamba nilimwona nikamkimbia. Baadhi walicheka, sikukaa mpaka nikamaliza.
Alhamisi napanda basi.
Mama yako