Kitabu cha Sarufi cha Kaka Daudi

Kisauni, Jumanne, Juni 1945

Sijamwambia mtu yeyote. Mama akiniita kwa jina la kaka Daudi, aliyekufa vitani Burma, mimi huitika.

Ilianza juma lililopita. Nilikuwa nakariri kwa sauti kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza. Yeye naye alikikariri hivyo kila jioni, mama akisonga sima. Sauti yangu mwaka huu imekuwa nzito kama yake. Mama akaita kutoka jikoni, "Daudi! Umerudi, baba?"

Nikaitika, "Naam, mama." Sijui kwa nini. Naona haya hata kuandika. Lakini usiku ule alilala, mara ya kwanza tangu ije simu ya maandishi ya serikali.

Leo shangazi kaniudhi. "Wewe nawe, soma kimoyomoyo! Wamtia mamako wazimu."

Nikafunga kitabu. Jioni nzima nimekaa kimya, nikidhani nimefanya jema. Mama hakula. Alikaa kizingitini na sahani mbili akaniuliza, "Mwenzio mbona hajaja?"

Naogopa. Nikisoma, mimi mwenyewe sitakuwako tena nyumba hii. Nisiposoma, kaka atakufa mara ya pili, na safari hii mkononi mwangu.

Nasikia nyayo za mama ukumbini. Amesimama nje ya mlango. Haiti jina lolote, angoja sauti tu.

Naificha karatasi hii chini ya mkeka. Kitabu nitakifungua pale kaka alipokunja ukurasa.