Golikipa wa Mzee Wilf

Colin, nimemvunja golikipa. Yule YULE!

Leo ukumbini tulikuwa tunamkumbuka mzee Wilf, aliyebuni mpira wetu wa mezani. Mjane wake, Doreen, alileta timu ya kwanza kabisa, vile vichezaji vidogo vya mbao alivyovichonga mzee kwa mkono, akaniambia nicheze.

Nikapiga mpira kwa kidole, ukamgonga golikipa, akaanguka sakafuni. Narudi nyuma nimtafute, kah! Chini ya kiatu changu, Colin!

Nikasema, "Mama, nisamehe, sikumwona."

Akaviokota vipande mwenyewe. "Usijali, mwanangu. Wilf alimkanyaga mara nne, na mara zote nne akamuunga kwa gundi." Kisha akanitazama. "Sasa nani atamuunga?"

Nani atamuunga, Colin! Nikamshika mkono tu, basi.