Maharage Yasiyoiva

Kambini, Kigoma
4 Agosti 2005

Mwanangu Armelle,

Amahoro. Mimi na mdogo wako Ella tunapumua, ila miguu yangu inavimba. Wewe huko Morogoro unakula vizuri?

Nakuandikia kwa sababu ya maharage. Haya ya mgawo wa mwezi uliopita hayaivi. Nayainjika asubuhi, hadi saa nane mchana bado yanagonga meno. Kuni za wiki zinaisha kwa siku mbili, kwa hiyo tunatoka kambini kwenda porini. Wiki jana wanawake wawili walirudi bila kanga zao, na hawataki kusema.

Hatungimana, kiongozi wa mtaa wetu, anasema yametiwa sumu ili tukate tamaa turudi Burundi. Vijana wanataka kuchoma ghala la mgawo. Nimekufungia kiganja kimoja. Wewe unasoma mimea, yaangalie. Jibu limpitie baba yako mdogo Gervasi, Katubuka.

Mama yako

Morogoro
15 Agosti 2005

Shikamoo mama,

Mimi mzima, na chakula napata. Pole na miguu.

Nimeyakata maharage yako membamba, nikayapaka dawa inayogeuza lignini kuwa nyekundu. Lignini ndiyo inayoufanya mti uwe mgumu. Maharage mapya hayakubadilika sana. Yako yaligeuka mekundu kwenye kuta za chembe hai, vile vijumba vidogo vinavyoujenga mmea. Ndani ya mmea kuna vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi. Vipo vinavyounganisha vipande vidogo kuwa lignini, hata ndani ya mbegu iliyovunwa, ikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu. Chembe zinagandamana, maji hayapiti. Hayo maharage ni ya zamani, mama. Nikampa mwalimu wangu mengine ayapime. Hakuona sumu alizozitafuta.

Lignini hairudi nyuma. Lakini magadi hulegeza gundi nyingine iliyo kati ya chembe. Loweka tangu jioni na magadi kidogo, mwaga maji, pika na maji mapya. Kuni zitapungua. Nakuomba usiende porini, wala Ella.

Mwanao Armelle

Morogoro
2 Septemba 2005

Shikamoo mama,

Sijapata jibu. Redioni wamesema kuna vurugu kambini, hawakutaja kambi ipi. Hata neno moja litanitosha.

Mwanao Armelle

Kambini
9 Septemba 2005

Dada Armelle, shikamoo.

Naandika mimi, Ella. Barua yako ilikaa Katubuka siku tisa, maana baba mdogo Gervasi alikuwa Katonga akinunua dagaa. Ilitufikia tarehe 29. Porini tulikwenda tarehe 28.

Wanaume watatu walitoka vichakani, mmoja akanishika. Mama alimng'ang'ania, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ella, nenda nyumbani." Nikakimbia. Watu walipomfuata walimkuta ameketi njiani, mkono wa kulia umekatwa panga mpaka mfupani.

Kesho yake watu walikusanyika mbele ya ghala, wengine na petroli. Mama alikuwa amelala zahanati, akasema, "Kawasomee barua ya dada yako." Nikaenda, nikawasomea. Hatungimana akauliza, "Huyo dada yako anatumwa na nani?"

Nikamjibu, "Alitumwa na mama."

Akasema, "Basi pika, tuone."

Niliyaloweka jioni ile ile. Asubuhi nikapika hapo hapo mbele yao, yakaiva kwa muda usiozidi saa mbili. Hatungimana akasema nianze kula mimi. Nilikula sahani nzima wakiniangalia. Akasubiri mpaka adhuhuri, ndipo akachukua moja, akalibonyeza kwa vidole, akala. Wenye petroli waliondoka mmoja mmoja. Sasa wanawake wanakuja kwangu kuuliza habari za magadi.

Mama anataka niandike kwamba amepona. Hajapona. Vidole viwili havisikii, ndiyo maana mwandiko ni wangu. Jana alirudi nyumbani. Baba mdogo Gervasi alikuja kumwona, akasimama mlangoni na kofia mkononi, hawezi kuingia. Alisema tu, "Shemeji, ile barua..."

Mama akamwambia, "Ingia ule." Akampakulia maharage kwa mkono wa kushoto, akimwaga mengine chini, wala hakukubali nimsaidie.

Mdogo wako Ella