Ufunguo Wako Kwenye Klasta ya Kiwanda

Baba Chebet, wewe uliyekuwa ukinijibu kabla sijamaliza swali,

Meneja wa kiwanda cha chai ameniomba nilinganishe zile programu huria tunazotumia kuendesha na kulinda klasta, ili aamue ipi ibaki. Nilifungua kompyuta niandike ripoti, nikajikuta nakuandikia wewe. Juu ya mambo haya sijawahi kubishana na mtu mwingine.

Wiki zimepita tangu tukuzike kule Roret. Watu huniuliza naendeleaje, nasema niko sawa, wala si uongo. Sihisi kitu. Nimekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Nachemsha chai, namvalisha Chebet sare ya shule, naenda kazini na kukaa kwenye meza inayotazamana na yako. Kiti chako wamekichukua watu wa uhasibu.

Unakumbuka tulivyoanza? Kiwanda kilitaka ile programu ya kupima majani kwenye vituo vya kununulia isizimike tena wakulima wakiwa wamepanga magunia. Tukaifungia ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji ili iendeshwe popote, tukaunganisha kompyuta zetu chache zifanye kazi kama mashine moja, ndiyo klasta. Ya kuiendesha, mimi nikapenda Argo, kwa sababu ina skrini inayoonyesha kila kitu, kizima na kibovu. Wewe ukang'ang'ania Flux, ambayo haina skrini wala maneno mengi.

"Hiyo Argo yako ni ya kuangalia," ulisema ukimenya viazi. "Mimi nataka ya kufanya kazi ikinyamaza."

"Kama wewe," nikakujibu, ukacheka hadi kiazi kikakuponyoka.

Upande wa ulinzi hatukubishana sana. Gatekeeper, ya kukagua kila kinachoingia kwenye klasta, ilikuwa na nguvu, lakini sheria zake huandikwa kwa lugha yake yenyewe. Ukasema, "Sisi hapa tuko na Kipsigis, Kikisii chako, Kiswahili na Kingereza. Hiyo ingine nani atasoma?" Tukachukua Kyverno, ambayo sheria zake zinaandikwa kama mafaili yetu mengine.

Ukaiagiza ikatae kontena yoyote isiyo na sahihi yako, yako peke yako. Nilipotaka tuwe wawili, ukanikumbusha babako alivyokuwa karani wa kituo cha majani. Karani ni mmoja, ndiye anayekagua na kukataa majani magumu, na kila mkulima anajua wa kumlaumu. "Wakiwa wawili," ulisema, "kila mtu atasema ni yule mwingine." Neno la siri la ufunguo wako wa sahihi ukaliweka kichwani. Moyo wako uliposimama, likaenda nawe.

Jumatatu kituo kipya kilifunguliwa. Nikaandaa toleo jipya la programu, linalokitambua kituo hicho, Kyverno ikalikataa kwa kuwa halikuwa na sahihi yako. Nilijua la kufanya. Nikatia sahihi yangu kwenye kontena zote, ikabaki kuutoa kwenye ile sheria ufunguo wako, ule unaoitambulisha sahihi yako, na kuweka wangu. Ningeweza kuziacha funguo zote mbili, lakini ni wewe uliyesema ufunguo usio na mwenyewe hauachwi ndani.

Mafaili ya sheria yamehifadhiwa pembeni, nje ya klasta. Flux huyasoma na kuifanya klasta ifanane nayo, na mtu akigusa kitu ndani ya klasta, inakirudisha kilivyoandikwa. Hilo nalijua vizuri sana. Hata hivyo niliubadilisha ufunguo kwa mkono, humo humo ndani ya klasta. Muda mfupi baadaye Flux ikaona tofauti, ikautoa wangu, ikaurudisha wako. Nikaubadilisha tena, nao ukarudi tena. Nikakaa hapo nikiitazama ikikurudisha, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikahisi kitu, ingawa sijui nikiite nini.

Simu ikalia. Ni meneja.

"Pole sana, Mama Chebet, lakini wakulima wako kwa laini tangu asubuhi, na majani imeanza kupata joto kwa gunia."

"Nipe dakika kidogo."

Nikafungua faili lenyewe, lile la pembeni ambalo Flux hulisoma. Nikafuta mstari wako, nikaandika wangu, nikahifadhi. Kyverno ikalipokea toleo jipya, kituo kikaanza kupima. Kwenye ripoti nimesema Flux ibaki na Kyverno ibaki, ila watia sahihi wawe wawili. Umeshinda ubishi karibu wote, na hakuna wa kunicheka.

Nakuaga leo, maana kaburini sikuweza hata kufungua mdomo. Lakini ujue kwamba baada ya kituo kuanza kupima sikuondoka. Niliendelea kuitazama klasta, nikingoja Flux ione tofauti ikurudishe. Haikuona tofauti yoyote.

Mkeo,
Mama Chebet