Moshi Hauna Homa

Jumatatu, 8 Julai
Jaa la nyuma ya karakana linaungua, siku ya tatu leo. Baridi kavu, upepo hakuna, moshi umeganda juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga. Wote kumi na wanne tunakohoa juu ya vyerehani. Msimamizi analalamikia masizi kwenye mashati meupe ya shule. Niachie mimi, nikamwambia. Nimeziba madirisha yote kwa selotepu na vipande vya kitambaa, mpaka tundu la feni. Jioni hakuna doa. Wamenipigia makofi. Mimi na sifa tena – basi!

Nyumbani nimeziba vilevile chumba cha binti yangu. Mjukuu ana wiki sita. Namwita mume wangu. Hana habari kama kaoa kikongwe.

Jumatano, 10 Julai
Jirani yangu wa cherehani tunamwita Redio, maana hazimwi. Leo sauti imekauka. Moshi, kaonyesha kwa kidole. Tumemcheka: betri zimekwisha. Mkasi tunatumia mmoja. Ndani kuna joto zuri, vioo vinatoka jasho kwa pumzi zetu.

Ijumaa, 12 Julai
Watano hawakuja. Wote "moshi". Msimamizi kataka mlango nao uzibwe chini. Nimeuziba.

Jumapili, 14 Julai
Mume wangu ametabasamu! Nimembeba kutwa, nimembusu mpaka puani.

Jumatatu, 15 Julai
Dada yake Redio kaja kuchukua mkoba wake. Redio kalazwa na homa kali, anapumulia oksijeni. Muuguzi kamwambia moshi hauna homa, hiki ni kirusi. Moshi na hewa kavu vinachubua koo tu, kirusi kikapata mlango. Halafu mkajifungia, akasema dada, mkawa mnavuta pumzi ileile.

Akauliza nani aliziba. Wote walinitazama mimi.

Nimebandua selotepu kwa kucha. Moshi ukaingia, msimamizi akafoka, mashati yake. Sikumsikiliza. Nilikuwa namfikiria mtoto.

Jumanne, 16 Julai
Nimeamka mwili unawaka. Kazini sikwenda. Naandika nje, kizingitini, shuka mdomoni. Naogopa.

Binti yangu kaniita kupitia mlango: "Mama, ingia ndani bwana, huo moshi utakuua."

Nikamwambia afungue dirisha lake.

"Na moshi wote huu? Na mtoto?"

Akifungua, moshi. Akiacha, pumzi yangu ya juzi bado imo humo, na wao wanaivuta. Nimemwambia amfunike vizuri, afungue kidogo tu. Kasema ngoja amalize kunyonya.

Mtoto amekohoa. Kikohozi kidogo, kama cha paka. Sasa cha pili.

"Ni moshi tu, mama."

Lakini chumba hicho nilikiziba kwa mikono yangu. Moshi hauingii humo hata kidogo, na cha tatu hiki –